Duka la Pembejeo Limefungwa, na Mimi Nimechangia

Leo si mambo ya mastaa, naomba niongee ya moyoni.

Kijijini kwetu Njombe kulikuwa na duka moja la pembejeo, mwenyewe tukimwita Babu Mbolea. Ukienda kununua mbegu unaulizwa maswali kama uko kwa daktari: shamba liko bondeni au mlimani? Mwaka jana ulipanda nini? Ukitaka mbegu ya muda mfupi kwa sababu tu jirani kanunua, anakukatalia. "Huku kwetu baridi, chukua H614, uwe na subira." Na mbolea alikopesha. Jina linaandikwa kwenye daftari, unalipa ukivuna.

Mimi wa mjini nikaona anampotezea mama muda, na bei yake ilikuwa juu kidogo. Lilipofunguliwa duka kubwa barabarani, lenye vioo na risiti za mashine, nikamwambia mama ahamie huko. Hela namtumia kwenye simu. Nikajiona nimemrahisishia maisha.

Msimu uliofuata viwavijeshi wakaingia kwenye mahindi yake. Mama akaenda duka kubwa, akamkuta kijana yuko bize na simu. "Mwanangu, naomba dawa ya kupulizia mahindi." Kijana hata kichwa hakuinua, akampa chupa. "Elfu 12, mama." Hakuuliza anataka kuua nini. Na mama maandishi madogo hayaoni tena. Akapulizia ekari nzima.

Wiki moja baadaye akanipigia. "Mahindi yote yamekuwa ya njano." Jirani akanitumia picha ya chupa. Jamani, dawa ya magugu! Tena ile inayoua kila jani, na mahindi nayo ni jamii ya nyasi.

Nikapiga simu dukani. "Dada, mali ikishatoka hairudi." Ikakatwa.

Nikamwambia mama aende kwa Babu Mbolea, walau apate mbegu ya maharage tufidie.

"Alishafunga," akasema. "Watu walimhama, na waliokuwa kwenye daftari hawakumaliza kulipa." Akanyamaza kidogo. "Hata mimi kuna mfuko mmoja sijamlipa."

Yaani niliishiwa maneno. Mfuko wa kilo 50, na mimi ndiye niliyemwambia mama amhame.

Pasaka nikaenda kumlipa. Nilimkuta kakaa kibarazani, mlango wa duka una kufuli. Nikamsalimia, nikampa hela yake, nikamweleza yaliyotupata. Hakunisema hata neno. Akaingia ndani, akatoka na daftari, akakata jina la mama. Halafu akaniuliza:

"Ile chupa mliitupa wapi? Isije ikawa karibu na kisima."

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani mbio kuitafuta.

Wadau, kwenu kama bado kuna mtu anayekuuliza kabla ya kukuuzia, usimkimbie kwa tofatuti ya elfu mbili. Na kama uko kwenye daftari lake, kamlipe wiki hii.