Miti ya Mistari upande wa Ndola

Kama siku moja utavuka mpaka wa Kasumbalesa, ukapita Chingola na Kitwe, endelea kidogo upande wa Ndola. Utaona miti mirefu imesimama kwa mistari kama wanafunzi asubuhi. Ni misonobari, mafundi wetu wanaiita sapini. Si miti ya huku. Pinus kesiya asili yake ni milima ya Asia, na Pinus oocarpa ilitoka Mexico na Amerika ya Kati. Ilianza kupandwa kwa wingi katika miaka ya 1960, na tangu 1982 kuko shirika la ZAFFICO la kuitunza. Zima motere, usikilize. Upepo unalia juu, lakini chini ni sindano kavu tu, na harufu ya utomvu inakushika puani.

Mbao zake njo zile nyeupe-manjano unazozijua. Ni nyepesi, msumeno unapita vizuri, msumari unaingia bila taabu, rangi inashika. Mulombwa unazishinda kwa nguvu na kwa uzuri, nani atakataa? Lakini mulombwa wa porini unachelewa sana kukomaa, na sapini unakatwa kisha miaka 25 hivi. Kwa hiyo tunaupata katika sharpante, meza za shule, masanduku, na (tuseme tu) majeneza.

Mimi mbao hizo zilinifundisha kwa haya. Tulikuwa tunaezeka nyumba ya ibada kwa sadaka za mama wauza makala. Fundi mmoja mzee aliniambia: «Pasta, mbao hizi zingali na maji.» Nikamjibu kwamba mvua iko karibu, wapige manjanja. Kisha miezi michache mbao zikajipinda, misumari ikalegea, maji yakaingia mpaka kwenye viti. Na pale zilipogusa ukuta wa udongo, mchwa walikuwa wamekwisha kula. Nilisimama mbele ya wale mama, sikupata neno.

Basi, ukinunua, inua ubao kwanza. Ukiwa mzito kupita kiasi, ungali mbichi. Madoa ya bluu ni ukungu. Hayapunguzi sana nguvu, lakini yanaonyesha ubao ulikaa na maji. Zipange kivulini juu ya matofali, weka vijiti katikati ya safu ili upepo upite, na uzito juu ili zisijipinde. Zisiguse udongo hata kidogo. Na kama umenunua zilizotiwa dawa, zenye rangi ya kijani, usipikie vipande vyake hata makala ikikosa: dawa ile mara nyingi ina arseniki, na moshi wake ni sumu.

Paa ya pili ilijengwa na yule mzee. Mbao zilikaa kivulini miezi mitatu, na kila nilipopita alininyoshea kipande kimoja, kilekile, nikipime kwa mkono. Mimi nilikuwa nasema kimekauka. Yeye alikirudisha tu chini ya kivuli.