Ikama Yenye Majina

Niliingia kazini mwaka 1984, baada ya kidato cha sita na Jeshi la Kujenga Taifa, nikiwa Msaidizi wa Maktaba katika mkoa mmoja wa kusini mwa Tanzania. Wengi wa rika langu walitamani benki, bandari au ualimu; maktaba tuliijua kama mahali pa kujisomea mtihani unapokaribia. Nilistaafu mwaka 2022, nilipotimiza miaka 60, nikiwa msimamizi wa maktaba ya mkoa. Nimepanga vitabu, nimeviorodhesha, nimeazimisha na nimedai vilivyocheleweshwa, lakini kazi iliyonishika moyo kuliko zote ni ya kuandaa watu watakaoshika nafasi za wanaoondoka. Juu ya hiyo ndiyo nataka kuacha maneno yangu.

Waliotutangulia waliijua kazi hiyo. Sheria ya mwaka 1963 ndiyo iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanganyika, na mwaka huohuo Makerere ilianza kufundisha wakutubi wa Afrika Mashariki. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alipofungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, wataalamu wengi walikuwa bado wageni, na huduma yote iliongozwa na Mwingereza, Max Broome. Lakini vijana wa Kitanzania walikuwa tayari wamepelekwa masomoni, wengine Kampala, wengine Uingereza, na uongozi ukaja kupita kwa Ezekiel Kaungamno. Kuta na watu viliandaliwa pamoja. Nilipokuwa mwanafunzi wa kozi ya cheti, wakufunzi wetu walilisimulia jambo hilo kama habari ya kawaida. Uzito wake niliuona baadaye, siku nilipokabidhiwa kuta zisizo na watu.

Mwalimu wangu wa kwanza kazini alikuwa mzee wa chumba cha katalogi. Hakuwa na shahada. Alikuwa na cheti na mkono mwepesi wa taipureta, na kadi zote za maktaba yetu alizijua kama mkulima anavyojua shamba lake. Alinikalisha kando yake akaniwekea rundo la vitabu ambavyo yeye alikwisha kuviorodhesha, akaficha kadi zake, akaniambia nitengeneze zangu. Kisha tukalinganisha. Kitabu cha sarufi ya Kiswahili kinakwenda 496.392; riwaya ya Kiswahili inakwenda 896.392. Hayo yamo katika mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu, na mtu yeyote anaweza kuyasoma. Yasiyomo ndiyo aliyonifundisha. Alinieleza kwa nini utenzi wa dini maktaba yetu iliuweka kwenye fasihi, si kwenye Uislamu. Alinionyesha vichwa vya mada ambavyo wasomaji wetu hawavitumii hata kidogo, na maneno yanayohitaji kadi ya kumwelekeza msomaji kwingine. Mvuvi aliyekuja kuuliza habari za kukausha samaki hakuwa na haja ya kujua mada hiyo inaitwaje katika orodha iliyotungwa Marekani. Mzee alikwisha kumwekea kadi kwa neno analolitumia yeye mvuvi.

Ndipo ikaja miaka ya 1990. Serikali ilipunguza watumishi na kusimamisha ajira mpya katika kada nyingi, kwa masharti ya mageuzi ya uchumi. Aliyestaafu hakuzibiwa pengo, na aliyefariki, kwani miaka ile tulizika wengi, hakuzibiwa pengo pia. Mimi nilibahatika: niliruhusiwa kwenda Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi na nyaraka kilichoanzishwa mwaka 1989, nikasomea stashahada. Niliporudi nikakuta meza nne za chumba cha katalogi zina mtu mmoja. Mzee alikuwa amekwenda kwao, na ile hoja yake kuhusu tenzi ilikuwa kichwani mwangu tu.

Athari ya kusimamisha ajira haionekani mwaka uleule. Mwanzoni kazi inaendelea, waliopo wanabeba mizigo miwili, na mkubwa anaripoti kwamba huduma haikusimama. Uchungu unakuja miaka 20 baadaye. Sisi tulioajiriwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulikuwa wa umri mmoja au karibu sawa, kwa hiyo ilikuwa lazima tustaafu kwa mkupuo kati ya mwaka 2015 na 2025. Waliopaswa kupokea kwetu, watu wa miaka 45 au 50 wenye uzoefu wa kutosha, hawakuwepo, kwa sababu ndio hasa ambao hawakuajiriwa katika ile miaka ya 1990. Chini yetu kulikuwa na vijana wazuri waliotoka vyuoni juzi. Ngazi ilikuwa na vidato vya juu na vya chini, katikati hakuna.

Hilo nililiona kwenye karatasi nilipokuwa msimamizi. Kila mwaka, kabla ya bajeti, Afisa Utumishi huleta fomu ya ikama. Inauliza idadi: Wakutubi wanaohitajika, waliopo, upungufu, Wasaidizi wa Maktaba wanaohitajika, waliopo, upungufu, wahudumu vivyo hivyo. Fomu ile ni ya lazima, na nimeijaza kwa uaminifu miaka yote ya usimamizi wangu, maana bila ikama hakuna bajeti ya mshahara, na bila bajeti hakuna kibali cha ajira. Lakini inahesabu vichwa, haiulizi kilichomo ndani yake. Mtumishi wa miaka 59 na wa miaka 26 wanaandikwa sawa: mmoja na mmoja.

Wazee wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Nikafungua daftari la pili, langu, lenye safu tano: jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kustaafu, kazi anayoijua peke yake, na mtu anayemfundisha. Safu ya nne ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mama mmoja wa chumba cha watoto ndiye pekee aliyejua kuendesha saa ya hadithi mpaka walimu wa shule za msingi wakaleta madarasa mazima. Bwana mmoja ndiye pekee aliyejua kujalidi kitabu kilichokatika uti. Mwingine ndiye pekee aliyejua magazeti ya zamani yamefungwa vipi na kuwekwa wapi. Wote watatu walikuwa wamebakiza chini ya miaka minne kazini, na mbele ya majina yao safu ya tano ilikuwa tupu.

Tulianza na kilichowezekana bila fedha. Kila Jumatano asubuhi tulichelewa kufungua kwa saa moja, kwa tangazo mlangoni, na saa hiyo ikawa ya kufundishana. Mwenye kujua alikaa na asiyejua, kazi halisi mikononi. Sikuruhusu hotuba. Mama wa watoto hakutakiwa kueleza namna ya kusimulia hadithi. Alitakiwa asimulie yeye wiki hii, na kijana asimulie wiki ijayo huku yeye akimtazama. Miezi ilipopita tulibadilishana madawati: wa mapokezi akaenda katalogi, wa katalogi akaenda mapokezi. Walinung'unika, na nawaelewa, kwa kuwa mtu hupenda kiti alichokizoea. Lakini mtu wa katalogi aliyekaa mapokezi miezi mitatu alirudi anaandika vichwa vya mada kwa namna nyingine kabisa, kwa sababu amesikia kwa masikio yake wasomaji wanavyouliza.

Kompyuta zilipofika zilithibitisha hatari ya kazi kujulikana na mtu mmoja tu. Wengi tulipokea programu ya kuendeshea maktaba iitwayo Koha, iliyoanzia katika maktaba ndogo za New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000, na inayopatikana bila kulipia leseni. Maktaba zetu zilifurahia kwamba ni ya bure, zikasahau kwamba mafunzo yake si ya bure. Nimeona mahali ambapo mtu mmoja alipelekwa kwenye semina ya siku chache, akarudi na nywila, na baada ya muda mfupi akahamishwa mkoa mwingine. Kompyuta zikafunikwa vitambaa, watu wakarudi kwenye kadi. Jambo hilohilo nililiona mapema zaidi kwenye maktaba za vijiji, zile zilizofunguliwa kufuatia kampeni za elimu ya watu wazima ili waliojifunza kusoma wasisahau. Nilipotumwa kuzitembelea, nilikuta kabati zima la vitabu salama, na kufuli juu yake, kwa kuwa mwalimu aliyefundishwa kuliangalia alikuwa amehamishwa na hakuna mwingine aliyefundishwa. Huduma inayomtegemea mtu mmoja imeshawekewa tarehe ya kufa. Kilichobaki ni barua ya uhamisho.

Kwa hiyo Koha kwetu tulijifunza wote, wahudumu wakiwemo. Kuna aliyeuliza mfagiaji anahitaji nini kwenye kompyuta ya katalogi. Jibu lilikuwapo mbele ya macho yetu: mhudumu ndiye anayefungua mlango asubuhi, ndiye anayerudisha vitabu rafuni, na ndiye anayekutana na msomaji mwenye haya asiyethubutu kumwendea ofisa mezani. Mmoja wao, kijana aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa anarudisha vitabu kwa usahihi kuliko yeyote kati yetu. Tulimwandikia maombi, akaenda Bagamoyo akachukua cheti, kisha stashahada.

Hapo nikakutana na ukuta ambao kila mkuu wa kituo anaujua. Mtumishi akisoma hapandi moja kwa moja. Akitaka kutoka kada ya uhudumu kwenda kada ya usaidizi wa maktaba, lazima nafasi iwemo kwenye ikama, fedha iwemo kwenye bajeti na kibali kitoke. Tena huanzia chini ya kada mpya, kana kwamba miaka yake ya rafuni haikuwapo. Kijana yule alisubiri huku anafanya kazi ya stashahada kwa mshahara wa uhudumu. Niliandika barua, nikafuatilia, nikaandika tena. Kibali kilipotoka alilia, na mimi nililia naye. Namtaja kwa fahari, kwa sababu nilipoondoka ni yeye aliyekuwa anawafundisha wahitimu wapya wa shahada namna ya kuhesabu vitabu mwisho wa mwaka. Na nasema kwa uchungu kwamba wengine wa uwezo wake hawakusubiri. Waliondoka na elimu tuliyowalipia, na siwalaumu.

Kwa hiyo ninaamini kwa dhati kwamba mafunzo yasiyofungwa kwenye ikama ni ahadi isiyotekelezwa. Mtumishi akipelekwa masomoni mwaka huu, nafasi atakayoirudia iombwe mwaka huuhuu, isisubiri siku ya mahafali. Tarehe ya mtu kustaafu kwa lazima inajulikana tangu siku anapojaza fomu ya ajira; hakuna dharura yoyote ndani yake. Mrithi wake aombwe miaka miwili kabla, ili wakae meza moja kwa muda. Najua hesabu za mishahara haziruhusu daima watu wawili kwa nafasi moja. Basi hata miezi sita ni bora kuliko kumkabidhi kijana funguo na orodha ya samani.

Vijana wanaoajiriwa leo wana elimu kubwa kuliko tuliyokuwa nayo sisi. Wengi wana shahada, wanatafuta makala kwenye hifadhidata za kimataifa ambazo sisi hatukuziota, na hawaogopi mashine. Wanachokosa ni mtu wa kuwaeleza kwa nini maktaba hii, katika mji huu, inafanya mambo yake hivi. Hilo halimo katika mtaala wowote.

Kwa mnaoongoza maktaba sasa, za mikoa, za vyuo na za shule, nina ombi. Jazeni fomu ya ikama kama sheria inavyotaka, kisha kaeni chini na karatasi nyingine yenye majina. Mbele ya kila jina andikeni kazi anayoijua mtu huyo peke yake, na mtu anayemfundisha mwaka huu. Penye nafasi tupu ndipo pa kuanzia kesho asubuhi, kabla ya kuomba rafu mpya, kabla ya kuomba kompyuta.