Jina Lililopita Katika Tundu la Ukuta

Mji wa Napoli umekaa kusini mwa Italia, kandokando ya ghuba, na karibu yake umesimama mlima Vesuvio, ule uliotapika moto mwaka 79 ukaufukia mji wa Pompei. Mgeni afikaye huko aghalabu huanza kwa kuitazama bahari na mlima. Lakini akitaka kuwajua watu wenyewe, na ayasome majina yao juu ya milango ya maduka, kwenye vibao vya nyumba za ghorofa na juu ya makaburi. Atakutana na jina moja mara kwa mara, hata adhani kwamba mji mzima ni wa ukoo mmoja. Jina hilo ni Esposito. Wenyewe hulitamka kwa kukaza silabi ya pili, si ya tatu kama ulimi wa Mswahili unavyopenda. Katika Napoli ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko mengine yote, na katika Italia nzima limo katika safu ya mbele pamoja na Rossi, Russo na Ferrari.

Majina mengi ya ukoo ya Italia hueleza habari za mzee wa kwanza aliyeitwa hivyo. Rossi, na Russo la watu wa kusini, yametokana na wekundu, kama vile wa nywele au wa uso. Ferrari limetokana na kazi ya uhunzi. Esposito halisemi rangi ya mtu wala kazi yake. Asili yake ni neno la Kilatini expositus, maana yake "aliyewekwa nje". Mzee wa kwanza wa jina hilo alikuwa mtoto mchanga aliyeachwa na waliomzaa.

Ili kulielewa jambo hili, ndugu msomaji, na tuingie katika mtaa wa Forcella, ndani ya Napoli ya kale, penye vichochoro vyembamba na nguo zilizoanikwa madirishani. Hapo ipo nyumba kubwa ya huruma iitwayo Annunziata, kwa heshima ya Bikira Maria aliyepashwa habari na malaika. Ilianzishwa katika karne ya 14. Kanisa lake liliungua mwaka 1757, likajengwa upya kwa michoro ya Luigi Vanvitelli, na mwanawe Carlo akaimaliza kazi hiyo mwaka 1782. Lakini watu wengi waendao pale hawafuati kanisa. Hufuata tundu lililo ukutani. Kwa nje lilikuwa tundu dogo tu, la kumtosha mtoto mchanga. Nyuma yake paliwekwa pipa la mbao lililozunguka juu ya mhimili wake, nalo likaitwa gurudumu.

Aliyemleta mtoto alifika, mara nyingi gizani, akampitisha tunduni na kumlaza katika pipa. Pipa likazungushwa, na mtu wa zamu aliyekuwa ndani akampokea mtoto pasipo kuuona uso wa aliyemleta. Hakuna aliyeuliza swali. Sababu zilizowafikisha watu hapo zilikuwa nyingi: ufukara, njaa, kifo cha mama katika uzazi, na hofu ya mwanamke asiye na mume mbele ya majirani zake. Gurudumu halikuziondoa taabu hizo. Lilikusudiwa tu kumwokoa mtoto asitupwe mahali ambapo angekufa kwa baridi au kuliwa na mbwa.

Ndani ya nyumba karani alifungua daftari. Aliandika siku na saa ya kupokelewa, umri wa mtoto kwa kukisia, nguo alizovikwa na alama yoyote aliyokutwa nayo. Kisha mtoto alivishwa shingoni medali ya risasi, akakabidhiwa mwanamke wa kumnyonyesha. Katika nyumba za namna hiyo wengi walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa kuwa watoto walikuwa wengi na maziwa hayakutosha. Waliopona walilelewa na nyumba, na wasichana walipofikia umri wa kuolewa walipewa mali ya kuanzia maisha. Watu wa Napoli waliwaita "wana wa Madonna". Na karani alipofika penye nafasi ya jina la ukoo, ambapo hapakuwa na baba wa kuandikwa, aliandika: Esposito.

Desturi hii haikuwa ya Napoli peke yake. Huko Roma watoto wa namna hiyo walipewa jina la Proietti, maana yake "waliotupwa". Huko Milano wengi waliandikwa Colombo, yaani njiwa, kwa kuwa njiwa alikuwa nembo ya hospitali iliyowapokea. Mjini Firenze waliitwa Innocenti, "wasio na hatia", kwa jina la nyumba iliyochorwa na Filippo Brunelleschi na kufunguliwa mwaka 1445. Katika nyumba hiyo hadi leo zimehifadhiwa alama walizokutwa nazo watoto, mathalani medali zilizokatwa vipande viwili. Kipande kimoja kilibaki na mtoto, cha pili alikichukua mama, ili siku akijaliwa kurudi vipande hivyo vioane naye ajulikane kuwa ndiye.

Jina lililoandikwa kwa huruma likageuka mzigo. Kijana alipotafuta kazi au mchumba, hakuhitaji kuulizwa habari za wazazi wake. Jina lilikwisha kumtangulia mlangoni. Mwanajeshi Joachim Murat, shemeji yake Napoleon, alitawala Napoli kuanzia mwaka 1808 hadi 1815. Katika enzi yake vilianzishwa vitabu vya serikali vya kuandika vizazi, ndoa na vifo, na ikakatazwa watoto waliookotwa kuendelea kupewa jina la Esposito. Makarani wakalazimika kuwatafutia majina mengine. Gurudumu lenyewe lilifungwa mwaka 1875, ingawa nyumba ya Annunziata iliendelea kulea watoto kwa miaka mingi baadaye. Sheria ya Italia ya mwaka 2000 imelieleza jambo hili waziwazi: mtoto ambaye wazazi wake hawajulikani asipewe jina linaloonyesha kwamba hana wazazi.

Basi mgeni yule aliyedhani kuwa Napoli ni ya ukoo mmoja alikosea. Watu wawili waitwao Esposito waweza wasihusiane kwa damu hata kidogo. Kinachowaunganisha ni kalamu ya karani. Leo wamo miongoni mwao matajiri na wachuuzi, mawakili na wavuvi. Wengine walivuka bahari wakaenda Argentina, Marekani na Kanada, ambako ndugu wawili, Phil na Tony Esposito, walipata sifa kubwa katika mchezo wa magongo wa kwenye barafu. Aibu imekwisha kuchakaa, jina limebaki.

Habari hizi zinanigusa mimi binafsi. Kabla ya kushika mafaili ya ofisi nilikuwa mwalimu. Asubuhi moja nilikuwa nikijaza daftari la darasa, nikamwuliza mtoto mmoja mbele ya wenzake jina la baba yake. Akanyamaza. Nikarudia swali kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba hakunisikia. Darasa likacheka. Mtoto yule hakuja shuleni siku tatu, nami nikaenda kwao kumwomba radhi bibi yake aliyemlea. Bibi hakunikaripia. Aliniambia tu, "Mwalimu, nafasi hiyo ungeniandika mimi."

Waswahili husema kitanda hakizai haramu. Hata kwetu wapo watu waitwao Shida, Taabu na Mashaka, waliobeba maisha yao yote majina ya taabu zilizowapata wengine siku walipozaliwa. Askari wa zamu aletewaye mtoto aliyeokotwa, muuguzi wa chumba cha kujifungulia, mwalimu wa darasa la kwanza na karani wa vizazi, wote hushika kalamu ile ile ya Annunziata. Kazi yao huchukua dakika chache. Atakayeandikwa ataliitikia jina hilo mpaka uzeeni, na huenda wajukuu wake pia. Kwa hiyo kabla ya wino kugusa karatasi, na tujiulize kama jina hilo tungelipenda liitwe kwa sauti kubwa mbele ya watu, na mwenye kuitika akiwa ni mwanetu.