Ukiachiwa dende mkubwa

Vita vinapokuja ng'ombe anabaki, lakini dende anaingia kwenye kikapo. Ndiyo maana hapa Kivu familia nyingi zilizohama zinaanza tena na huyu mnyama mdogo.

Mimi niliachiwa dende jike na jirani aliyehama. Tulipatana kwamba watoto tutagawana, nusu kwake, nusu kwangu. Kwa hiyo ninachochunga ni akiba ya mtu.

Dende mkubwa anakuja na mazoea yake. Wangu alijificha mchana, akala usiku tukilala. Nilimwacha atulie, nikampa majani aliyozoea kwa jirani, matembele na nyasi. Majani mapya nilimwongezea kidogo kidogo, kwa sababu tumbo lake linaharibika upesi. Nyasi zenye umande au zilizooza hapana. Majani mabichi asikose kila siku: mwili wake, kama wetu, hautengenezi vitamini C.

Kama una wengine, mtenge wiki 2 kwanza, asiwaletee ugonjwa. Mkinge na mvua, baridi, paka na panya. Watoto wamnyanyue kwa mikono miwili, mmoja chini ya matako.

Jambo kubwa ni hili: jike aliyepita miezi 7 bila kuzaa, mifupa ya nyonga imekwisha kukaza, na kuzaa kunaweza kumwua. Usimweke na dume. Wangu alikwisha kuzaa, na mimba inachukua siku kama 68.

Basi anayekupa dende muulize mawili: alikuwa anakula nini, na amekwisha kuzaa?