Bwawa la Norway, Sifa za Nani?

Umeme wa Norway karibu wote unatokana na maji. Lakini kwenye hesabu rasmi, Mnorway asiyenunua cheti anaandikiwa kwamba sehemu kubwa ya umeme aliotumia ni ya makaa ya mawe, gesi na nyuklia. Bwawa liko nyuma ya nyumba yake, jamani!

Kisa ni vyeti. Kila megawati-saa 1 ya umeme wa maji, upepo au jua hupewa cheti kimoja, na cheti hicho huuzwa peke yake, mbali na umeme wenyewe. Kampuni ya Ujerumani inaweza kukinunua, kikafutwa kwenye rejista kwa jina lake, kisha ikaandika kwenye ripoti kuwa inatumia umeme safi. Nyaya zake zinabaki zilezile.

Mimi nasoma uhandisi wa umeme, kwa hiyo jambo hili lilinikera. Ukishaingia kwenye gridi, umeme hauna kabila. Mwenzangu wa chumbani, anayesoma uhasibu, akaniambia, “Kaka, wewe unafuata waya, wao wanafuata haki ya kudai. Megawati-saa moja, mdai mmoja.” Hapo simpingi. Bila rejista, watu kumi wangejisifia bwawa moja.

Ninachopinga ni kinachofuata. Mabwawa mengi ya Norway yalijengwa kabla vyeti havijakuwapo. Ununue cheti, usinunue, maji yatashuka tu. Pesa yako haijajenga mtambo wala kuzima jiko la makaa popote. Tena cheti cha jua la saa sita mchana kinaweza kufunika umeme uliotumika usiku wa manane! Mkataba wa miaka mingi unaomwezesha mwekezaji kupata mkopo wa kujenga mtambo mpya, huo ni habari nyingine kabisa.

Tangu 2015, mwongozo wa GHG Protocol unataka kampuni zenye vyeti au mikataba ya aina hiyo zitoe namba mbili za hewa ukaa: moja ya gridi ilipo, nyingine baada ya kuhesabu vyeti na mikataba hiyo. Sasa kisia ipi inawekwa kwenye jalada.

Na ripoti hizi tutaziandika sisi. Waajiri wakija chuoni kusaka wahitimu, nina maswali mawili tu: mtambo uliotoa vyeti vyenu ulijengwa mwaka gani, na ile namba ya gridi iko ukurasa wa ngapi?