Kamera Mbili, Deni Moja, Safari ya Bagamoyo

Msomaji wangu, ukimwona mtu kavaa kamera mbili shingoni usidhani ana hela. Mimi nilikuwa nazo mbili, na nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi minne. Mwenye nyumba wangu ni mtu mpole, lakini alishaanza kuja kunisalimia mlangoni saa kumi na mbili asubuhi. Salamu ya saa hiyo wewe mwenyewe unaijua.

Nikashuka Kariakoo kwa jamaa mmoja anayenunua vitu vilivyotumika. Akazigeuzageuza, akapuliza vumbi, akasema, "Yoyote utakayoniachia, laki mbili."

"Kubwa na ndogo bei moja?" nikauliza.

"Kubwa imezeeka, ndogo vijana wameanza kuzitafuta tena. Chagua mwenyewe."

Laki mbili ndiyo hasa niliyokuwa nadaiwa, haizidi wala haipungui. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Niuze ipi?

Kubwa ni Nikon D40, zile kamera za kubadilisha lenzi ambazo wataalamu huziita DSLR. Nilipewa na fundi mmoja wa picha za harusi niliyekuwa nambebea taa, badala ya ujira. Ilitangazwa Novemba 2006, mimi bado naimba nyimbo za chekechea. Ndogo ni Sony Cyber-shot W830, ya 2014, niliachiwa na dada yangu aliponunua simu mpya. Na kabla hujaniuliza mambo ya simu, yangu niliidondosha nikishuka kwenye daladala, kioo cha kamera kikapasuka. Kila ninayempiga anatoka kama yuko kwenye moshi wa mishikaki.

Kijiweni wote walitoa hukumu moja: uza kubwa. Ndogo ina megapikseli 20, kubwa ina 6. Ndogo ina gramu 122 pamoja na betri yake, inakaa mfuko wa shati. Kubwa inakaribia nusu kilo kabla hujaweka betri wala lenzi, na shingo inajua. Ndogo inapiga hata video, kubwa video haijui kabisa.

Mimi nikasema hapana, kuku wa jirani hapimwi uzito kwa macho. Nikaamua kwenda nazo zote Bagamoyo, kwa bibi yangu mzaa mama, nikazipime huko. Na nilikuwa na sababu nyingine. Bibi yangu amevuka miaka themanini, na ukoo mzima hatuna picha yake ya maana hata moja. Iliyopo ni ile ya kitambulisho, kakodoa macho kama kafumaniwa.

Jumamosi nikapanda gari Makumbusho. Safari ni kama kilometa 70 tu, lakini foleni ya Tegeta inaifanya kuwa ya kwenda Dodoma. Ukishapita Bunju mambo yanabadilika, upepo unaingia, Mapinga, Kerege, Zinga, minazi inaanza kukukaribisha. Saa saba mchana nikashuka, jua limesimama utosini ile mbaya.

Bagamoyo, kwa asiyeijua, ni mji uliokwisha kuwa mkubwa akaja kuachwa. Wajerumani waliufanya makao makuu yao mpaka 1891, wakahamia Dar. Boma lao la 1897 bado lipo. Wamisionari walifika hapa 1868, na 1874 mwili wa Livingstone ulilazwa hapa kabla ya kuvushwa Unguja. Misafara ya pembe na ya watumwa iliishia hapa. Mitaa ya mji mkongwe ni myembamba, ina milango ya nakshi na kuta zilizochoka. Kwa mtu wa picha ni karamu.

Nikaanza na ndogo, mbele ya mlango mmoja wa kuchongwa. Basi bwana, sikuona kitu! Kamera ndogo kama hizi nyingi hazina kitundu cha kuchungulia, unatazama kioo cha nyuma. Na jua la saa saba likipiga kile kioo, unajiona sura yako mwenyewe. Nikabonyeza kwa kukisia. Kuja kuangalia kivulini, nimepiga nusu ya mlango na dole gumba langu.

Nikachukua kubwa. Ile unaweka jicho kwenye kitundu, na ndani kuna kioo kinachokuletea kile kile kinachoonwa na lenzi. Jua liwake livyotaka, wewe uko kwenye chumba chako. Mlango ukatoka na misumari yake yote. Kubwa moja, ndogo sifuri.

Lakini nilikuwa sijamaliza kufurahi. "Wewe ni mwandishi? Gazeti gani?" Mzee wa kanzu kasimama nyuma yangu. Nyuma yake vijana watatu, mmoja ananiambia nyumba ile ina mwenyewe na picha ina hela yake. Nikatoa shikamoo, nikajieleza mimi ni mjukuu wa fulani wa Magomeni, Magomeni ya Bagamoyo siyo ya Dar. Yakaisha kwa kicheko. Nikaiweka kubwa kwenye mkoba, nikatoa ndogo, nikarudi mtaa ule ule. Hakuna aliyegeuza shingo. Walidhani nampigia mchumba. Moja kwa moja.

Jioni nikachukua bodaboda mpaka Kaole, kilometa chache kusini. Hapo pana magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe, na bandari ya kale imemezwa na mikoko. Nikaiwasha kubwa, ikakataa kadi. Kumbe kosa langu. Nilibeba kadi ya GB 64, na kamera ile ilizaliwa kabla kadi za ukubwa huo hazijakuwepo. Zilikuja 2009, yeye mwisho wake GB 32. Ndogo iliila ile kadi bila maneno. Bahati nilikuwa na kikadi cha zamani cha GB 2 mfukoni, na kwa picha za megapikseli 6 kinabeba mamia.

Kwenye nguzo ndogo ikaniheshimisha. Inavuta mara 8, ikanisogezea vishimo vya juu kabisa ambamo zamani mabakuli ya Kichina yalipachikwa. Lenzi ya kubwa niliyonayo, ile ya 18 mpaka 55, ilivuta kidogo ikachoka. Ukitaka kuvuta zaidi unanunua lenzi nyingine, na mimi nilikuwa nadaiwa kodi. Ndogo mbili.

Usiku ndiyo mtihani wenyewe ulikuja. Bibi alinipokea kama kawaida yake. "Mume wangu, leo umekumbuka kwako?" Nikamjibu mke wangu nimekuja, nimeleta sukari na kamera. Akaniuliza sukari iko wapi.

Alikaa jikoni kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi. Taa ni balbu moja dhaifu. Flashi sikuthubutu, macho yake yalishafanyiwa upasuaji na mwanga wa ghafla unamuumiza. Nikapiga kwa ndogo. Sura ikatoka na chembechembe kama imenyunyiziwa mchanga, na mkono unaokuna nazi ukawa ukungu. Nikachukua kubwa, nikapandisha ISO mpaka 1600, nikapiga. Chembechembe zipo, lakini mikunjo ya uso inaonekana, na ule weusi wa ngozi yake ulibaki weusi wenye uhai, haukugeuka kijivu.

Hapa wacha nikupe siri ambayo kijiweni hawakuijua. Ndani ya kamera mna kipande kinachopokea mwanga, kinaitwa sensa, siyo ile ya kuhesabu watu. Cha kubwa kina milimita 23.7 kwa 15.6. Cha ndogo kina kama milimita 6.2 kwa 4.6. Piga hesabu, cha kubwa kinakizidi cha ndogo eneo karibu mara 13. Sasa ile ndogo imewapanga wapangaji milioni 20 kwenye kijichumba, kubwa ina wapangaji milioni 6 kwenye ukumbi. Kila mmoja kwenye ukumbi anapata mwanga wa kumtosha. Kwenye kijichumba wanagombania, na gizani ugomvi wao ndiyo zile chembechembe. Kwa hiyo ukiambiwa megapikseli nyingi, uliza na ukubwa wa chumba.

Alfajiri ya Jumapili nikateremka soko la samaki. Bagamoyo jua linatoka baharini, kwa hiyo mashua zikiingia zinakuwa nyeusi mbele ya mwanga mwekundu. Ni kitu cha kukuachisha chai. Wanawake na ndoo, makuli wamejitumbukiza mpaka kiunoni, mnadi anapaza bei. Kijana mmoja juu ya mashua akawa anamrushia mwenzake samaki, mmoja mmoja.

Nikalenga kwa ndogo. Unabonyeza, inafikiri kwanza, ndiyo inapiga. Nikapata mikono mitupu mara nne, samaki kashadakwa. Kubwa nikaishikilia kitufe, inapiga picha mbili na nusu kwa sekunde, siyo nyingi, lakini haifikiri. Ya tatu samaki yuko hewani, maji yanamchuruzika, jua nyuma yake. Mpaka leo nikiitazama nasikia harufu.

Mnadi akanyamaza. "Wewe wa kamera, unatupiga kwa ruhusa ya nani?" Na soko zima likanigeukia. Alikuwa na haki, sikuomba. Nikateremsha kamera, nikaomba radhi, nikanunua changu wawili kwa bei ambayo hata mimi nilijua nimepigwa. Mnada ukaendelea. Nikaomba tena, safari hii vizuri, nikaruhusiwa. Lakini kila nilipoinua kubwa watu walikaza misuli. Nilipotoa ndogo walirudi kuwa watu.

Nikarudi kwa bibi na samaki. Alikuwa tayari ananisubiri uani, kavaa doti mpya ya kanga, kajifunga ushungi, kakaa wima kwenye kiti. Nani kamwambia? Nikampiga kwa kubwa, kivulini chini ya mwembe, mwanga laini. Kanikazia macho kama jaji. Kisha nikamwuliza changu wale nimenunua bei gani, nikamtajia. Bibi akacheka, msomaji, akacheka mpaka ushungi ukamteleza na pengo likaonekana, akanipiga kwa ncha ya kanga. "Mume gani huyu, anaibiwa mchana!" Ndogo ilikuwa mkononi. Nikabonyeza. Hakuiona hata.

Nilirudi Dar nimechanganyikiwa zaidi. Kubwa inaona vizuri, ndogo haionwi. Sasa hapo unauza jicho au unauza siri?

Nikaenda kusafisha picha mbili za bibi, kila moja kubwa kama ukurasa wa daftari. Wale wanaosema megapikseli 6 hazitoshi wasikusumbue, picha ya D40 ina pikseli 3008 kwa 2000, inakupa inchi 10 kwa karibu 7 safi kabisa. Jumamosi iliyofuata nikampelekea. Moyoni nilishajua atachagua ya kicheko, na nilishajiambia ndogo nitabaki nayo.

Bibi akazishika zote, akazisogeza na kuzirudisha. Akaiweka ya kicheko pajani, kifudifudi. Ile ya kukaa wima akaiinua.

"Hii ndiyo muitundike. Watu wakija wanione nimekaa kwangu. Huyu anayecheka ni wako wewe, kaa naye."

Nikakaa kimya. Mimi nilikuwa natafuta picha ninayoipenda mimi. Mwenye sura alitaka kuonekana anavyotaka yeye. Na nikikumbuka harusi zote nilizobeba taa, hakuna bibi harusi aliyewahi kulipa ili apigwe bila kujua. Wanalipa wakae wima, wapendeze, na ukumbi wa usiku usiwageuze kijivu. Na nikuambie ukweli mwingine wa mjini: ukienda kwenye harusi ya watu na kakamera ka mfukoni, mwenye shughuli anakuuliza mpiga picha atafika saa ngapi.

Jumatatu nikaipeleka ndogo Kariakoo. Jamaa akahesabu laki mbili, akafungua kijimlango cha chini achomoe kadi. Nikamdaka mkono.

"Kamera nimekuuzia. Kadi sijakuuzia."

Mwenye nyumba kapata chake, sasa ananisalimia saa nne kama watu wengine. Ile ya kukaa wima imetundikwa sebuleni Bagamoyo, nimeambiwa kila mgeni anaonyeshwa. Ya kicheko iko juu ya kitanda changu, na chembechembe zake zote.

Wewe ukitaka kununua, ushauri wangu ni huu. Kama utapiga mchana, safarini, watu wako wa karibu, ndogo inatosha na itakupa vicheko. Kama utapiga gizani, vitu vinavyokimbia, au unataka picha ikulipe kodi, tafuta kubwa hata iwe ya zamani, ila angalia kadi inayokubali. Na yoyote utakayobeba, omba kwanza, bonyeza baadaye. Changu wa kuombea radhi ni ghali.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.