Baiskeli na Mlima

Mbio za baiskeli ni za namna nyingi. Ziko za uwanjani, ambazo huanza na kwisha kabla chai haijapoa kikombeni. Ziko za siku moja, ambazo mshindi wake hujulikana kabla ya jua kuchwa. Na ziko za siku kadhaa mfululizo, kutoka mji hata mji, kutoka bonde hata kilima. Nataka, msomaji, tuziangalie hizi za mwisho, hasa zile za juma moja katika nchi ya milima. Nimezichagua kwa sababu hesabu yake ya ushindi si ile tuliyoizoea, na kwa maoni yangu ni hesabu ya haki kuliko nyingi tunazozitumia kupimana sisi kwa sisi.

Mimi ni mkazi wa Bombolulu, upande wa bara wa kaskazini ya Mombasa, kando ya njia iendayo Malindi. Nchi yetu haina milima, na baiskeli kwetu ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha mchezo. Hubeba maji, mikate, samaki na madafu. Mitungi mitatu ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 60, na mwenye kuipeleka mlango kwa mlango hapewi nishani. Baiskeli ya mashindano, kwa upande mwingine, yaweza kuwa na uzito wa kilo 6.8 tu, na sheria za kimataifa haziruhusu iwe nyepesi kuliko hapo. Mzigo wa mshindani, basi, ni mwili wake mwenyewe.

Katika njia tambarare mzigo huo haumwelemei sana, kwa maana adui yake mkubwa ni upepo. Akifika mlimani adui hubadilika. Mtu wa kilo 65 juu ya baiskeli ya kilo 7, akipanda kimo cha mita 100, amefanya kazi ya kuinua gunia la kilo 72 kutoka chini hata kimo hicho. Akipanda mita 2,000 kwa siku, ameliinua gunia hilo mara 20. Kesho yake huamka akalikuta gunia linamngoja mahali pale pale.

Kama wataka kuziona mbio za namna hii katika Afrika Mashariki, nenda Rwanda. Nchi hiyo huitwa nchi ya vilima elfu, na mji wake mkuu, Kigali, umejengwa juu ya vilima vilivyo zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mbio za kuizunguka Rwanda zilianza mwaka 1988. Mwaka 2009 ziliingia katika orodha ya mashindano ya kimataifa, na mwaka 2019 zikapandishwa daraja, zikaja timu kubwa zaidi kutoka Ulaya. Huchukua muda wa siku 8 hivi. Ndani ya Kigali kuna mwinuko mmoja mfupi wa njia ya mawe, mkali hata watu wameuita ukuta. Watazamaji husongamana hapo pande zote mbili, kwa kuwa ndipo mahali ambapo mwendesha baiskeli hawezi kuuficha uchovu wake.

Sasa tuitazame hesabu. Katika mbio hizi kila siku ina mshindi wake, naye hupigiwa makofi. Lakini mshindi wa mbio nzima ni yule ambaye muda wake wa siku zote, ukijumlishwa, ni mfupi kuliko wa wengine. Kwa hiyo mtu aweza kushinda siku mbili, akaanguka vibaya siku ya tatu, asionekane tena juu. Mwingine aweza asishinde hata siku moja, lakini kwa kuwa siku zake mbaya hazikuwa mbaya mno, jina lake likasomwa la kwanza. Saa haisahau lililopotea wala haipuuzi lililookolewa.

Pengine wasema kwamba sekunde chache si kitu. Mwaka 1989, katika mbio kuu za kuizunguka Ufaransa, Laurent Fignon wa Ufaransa aliianza siku ya mwisho akiwa mbele ya Greg LeMond wa Marekani kwa sekunde 50. Siku hiyo kila mmoja alikwenda peke yake kushindana na saa, mwendo wa kilomita 24.5. Jioni ilipofika LeMond alikuwa ameshinda kwa sekunde 8, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 3,200. Hebu fikiri sekunde 8 zaweza kupotea wapi katika majuma matatu. Zaweza kupotea katika kona moja iliyoogopwa, au katika kilima ambacho mtu alikata tamaa hatua chache kabla ya kilele.

Liko jambo jingine ambalo mtazamaji mgeni halioni upesi. Mbio hizi huandikwa kwa jina la mtu mmoja, lakini hushindwa na timu. Anayekwenda nyuma ya mwenzake hupunguziwa upepo, na kwa hiyo hutumia nguvu chache sana kuliko aliye mbele. Basi katika kila timu wamo wasaidizi ambao kazi yao ni kukata upepo kwa ajili ya kiongozi wao, kumletea maji, na hata kumpa gurudumu lao gurudumu lake likitoboka. Humvuta mpaka chini ya mlima, au mpaka katikati yake, na nguvu zao zikiisha hukaa kando akapita. Hawashindi, wala hawakutumwa kushinda.

Nawaelewa watu hawa zaidi kwa sababu ya mahali ninapokaa. Bombolulu inajulikana kwa karakana zilizoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa viungo, ili wapate ufundi na riziki kwa kazi ya mikono yao. Mara nyingi njiani nimemwona mtu akiendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwa nguvu za mikono. Penye mwinuko, hata uwe mdogo, hutokea mpita njia akaweka mkono nyuma ya kiti na kusukuma, kisha akaenda zake bila ya kuulizwa jina. Katika mashindano sheria hukataza kusukumwa, lakini moyo ni ule ule. Mwendo ni wa aliye kitini, na sehemu ya mwinuko ni ya mwenzake.

Hata walioshindwa na mlima wana adabu yao. Kila siku huwekwa kikomo cha muda, kinachopimwa kwa mwendo wa mshindi, na atakayekivuka huondolewa mashindanoni. Wenye miili mizito, walio hodari wa kukimbia kasi katika tambarare, hawawezi kufuatana na wepesi milimani. Basi wao hukusanyika nyuma, watu wa timu mbalimbali, washindani wa jana na wa kesho, wakaenda pamoja kwa mwendo mmoja ili wasipitwe na kikomo. Hapo hapana anayemwacha mwenziwe kwa furaha, maana kila mmoja ajua kuwa kesho huenda ikawa zamu yake kuhitaji kungojwa.

Walakini sitaki kukuonyesha upande mmoja tu wa mlima. Kila palipo na kupanda pana kushuka, na baiskeli inayoshuka katika njia za milimani hukimbia kama gari, ilhali mwenye kuipanda hana kinga ila kofia na nguo nyepesi. Suleiman Kangangi, Mkenya, alikuwa wa tatu katika mbio za Rwanda mwaka 2017. Baadaye akawa nahodha wa timu iliyoitwa Amani, ambayo ilikusudia kuwafungulia vijana wa Afrika Mashariki mlango wa mashindano ya kimataifa. Mwezi wa Agosti mwaka 2022, akishindana katika njia za changarawe huko Vermont, Marekani, alianguka akafa, naye alikuwa na umri wa miaka 33. Ukiusifu mchezo huu bila ya kuitaja hatari yake, sifa zako ni nusu.

Lakini mlango aliousukuma haukufungwa. Nchini Rwanda, ambako mwaka 1994 mauaji ya kimbari yaliangamiza watu kwa malaki, vijana wa nchi walishinda mbio za nyumbani miaka 5 mfululizo, tangu 2014 hata 2018, na wa kwanza wao alikuwa Valens Ndayisenga. Daniel Teklehaymanot wa Eritrea, aliyeshinda Rwanda mwaka 2010, alivaa jezi ya mfalme wa milima katika mbio za Ufaransa mwaka 2015, akawa Mwafrika wa kwanza kuivaa. Mwezi wa Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika Afrika. Katika mbio za wanaume za siku ya mwisho, kilomita 267.5 za kupanda na kushuka, waliofika mwisho walikuwa 30 tu kati ya watu zaidi ya 160.

Wewe msomaji u katika umri wa kupimwa. Unapimwa kwa mtihani wa siku moja, kwa jibu moja, na pengine kwa kosa moja. Vipimo hivyo vina kazi yake, nami sikushauri uvidharau. Lakini usivitumie kumhukumu mwenzako, wala nafsi yako, kana kwamba siku moja ndiyo mbio nzima. Jumlisha siku zote. Na katika jumla hiyo usiache kuandika upepo uliokatiwa na wengine, awe mzazi aliyelipa karo au rafiki aliyekuazima daftari.

Ukipata nafasi ya kuzitazama mbio za milimani, usikae penye mstari wa mwisho peke yake. Simama katikati ya mlima. Utamwona mmoja aliyewavuta wenzake kilomita nyingi akikaa kando ghafla, kichwa chini, kundi likampita. Jina lake halitasomwa jioni. Bado ana mlima wa kumaliza, na saa inamhesabia.